Dakika moja iliyomwokoa mwanangu

Mwaka jana tulikwenda deltani kwa mama, msimu wa kuvuna mpunga. Mwanangu wa miezi 10 akashikwa na homa na kikohozi. Nikasema ni malaria tu, nikampa dawa iliyobaki ya dada yake. Siku ya pili akakataa kunyonya. Tukasubiri maji yajae, tukapanda boti kwenda zahanati.

Foleni ilikuwa ndefu, lakini muuguzi alimfunua fulana, akatazama saa na kifua dakika nzima. Pumzi 58. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. "Mama, hii ni nimonia," akasema, akatupa amoksilini.

Tukirudi, mama akawakumbuka "watu wa madaftari". Mwishoni mwa miaka ya 1990 akiishi Ikwiriri, Kibiti ikiwa bado ndani ya Wilaya ya Rufiji, walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani kazaliwa, nani kafa, kwa ugonjwa gani. Mama aliwajibu akilia. Mdogo wangu alikuwa amefariki kwa homa.

Majibu kama yale, kupitia mradi wa TEHIP, yaliionyesha halmashauri kwamba malaria na magonjwa ya watoto yanaua wengi lakini yanatengewa fedha kidogo. Mgao ukabadilishwa, wauguzi wakafundishwa kumchunguza mtoto hatua kwa hatua. Vifo vya watoto vikapungua.

Mzazi mwenzangu, mtoto akikohoa, mtulize, hesabu pumzi dakika nzima. Wa miezi 2 hadi 11 zikifika 50, au wa mwaka 1 hadi 5 zikifika 40, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Usimpe dawa ya mwenzie kama nilivyofanya mimi.