Kikima, Penye Miti ya Kuombea

Anayetoka mji wa Wote kwenda Kikima huaga Ukambani moja na kukaribishwa na nyingine. Chini kuna migunga, vumbi jekundu, na mito ya mchanga ambayo sehemu kubwa ya mwaka huficha maji yake chini kwa chini. Kisha barabara huanza kuipanda milima ya Mbooni, kona baada ya kona, na kila kona huongeza ubaridi. Mara unaona migomba, kahawa, miparachichi na makadamia, nduma mabondeni, na matuta yaliyochimbwa kwa jembe kuanzia chini ya mlima hadi karibu na kilele. Anayedhani Makueni ni ukame na maembe tu aletwe Kikima mwezi wa Julai, ukungu unapolala juu ya maduka na kina mama sokoni wamejitanda leso juu ya sweta, wakiuza mbaazi huku mikono yao ikisuka vyondo.

Naupenda mji huu. Naupenda mlo wake wa muthokoi wa moto, na jinsi mgeni anavyosalimiwa kwanza, kisha ndipo aulizwe anataka nini. Lakini mimi huipanda Mbooni kwa ajili ya miti.

Wazee wa Ukambani husimulia kwamba watu wa kwanza walishushwa na Mulungu juu ya mwamba wa Nzaui, na nyayo zao zikabaki kwenye jiwe. Wanahistoria nao husema Wakamba walikita makao Mbooni yapata karne ya 17, wakafyeka, wakalima, wakaongezeka. Baadaye wengine wakavuka mto Athi kwenda Kitui. Kwa hiyo milima hii ni kitovu. Na popote Wakamba walipokaa, waliacha kipande cha msitu bila kukifyeka, mara nyingi penye mũumo au mkuyu mkubwa, wakapaita ithembo. Yakiwa mengi ni mathembo.

Ithembo halikuwa na paa wala sanamu. Lilikuwa na mti na kivuli chake, na wazee wa kiume na wa kike waliokabidhiwa kazi ya kulitunza. Mvua ilipochelewa, mbuzi alichinjwa pale. Mavuno yalipokuja, nafaka ya kwanza ilipelekwa pale kabla ya watu kuila majumbani. Pombe na maziwa vilimwagwa chini kwa ajili ya aimu, wazazi waliotangulia. Hakuna aliyekata mti wa ithembo, na hata kuvunja tawi lilikuwa kosa la kutozwa faini. Mnyama aliyekimbilia humo hakuwindwa, na mtu aliyekimbilia humo hakuguswa. Gerhard Lindblom, mtafiti Mswidi aliyeishi Ukambani mwaka 1911 na 1912, aliyaandika mambo haya kwa kirefu katika kitabu chake kikubwa kuhusu Wakamba kilichotoka mwaka 1920. Hadi leo ukiuliza kwa adabu milimani hapa, utaonyeshwa kichaka kinene katikati ya mashamba, ambacho jembe limekizunguka bila kukigusa.

Mũumo wenyewe unastahili heshima hata kwa asiyeamini lolote. Ni mtini ule ule ambao Wakikuyu huuita mugumo. Ndege hula tini, hudondosha mbegu juu ya mti mwingine, na mche huanza maisha huko juu hewani. Mizizi hushuka polepole hadi ardhini, hunenepa, hukumbatiana, na baada ya miaka mingi mti uliouhifadhi hupotea ndani yake. Mitini haizai yote kwa msimu mmoja, kwa hiyo ndege na nyani hupata chakula hata wakati wa njaa. Mkuyu nao hupenda penye chemchemi. Wangari Maathai, katika kitabu chake cha maisha cha mwaka 2006, alisimulia jinsi mama yake alivyomkataza kuokota kuni za mugumo kwa kuwa ni mti wa Mungu, na jinsi alivyorudi nyumbani baadaye akakuta mti umekatwa na kijito kimekauka. Wazee wa Mbooni hawakuhitaji kuambiwa hilo.

Nami ni mmoja wa wale wanaosali vizuri zaidi chini ya mti kuliko chini ya bati. Nimelisema hili kwa sauti ndogo kwa miaka mingi, kwa sababu katika nchi yetu mtu wa namna hiyo huulizwa haraka kama ni mchawi. Ndiyo maana niliposoma habari za Wadruidi wa Uingereza nilihisi nimepata ndugu. Wa kale walikuwa makuhani wa Waselti, walioheshimu mwaloni na kukutana katika vichaka vitakatifu. Mwaka wa 60 au 61 Warumi waliishambulia Anglesey, kisiwa cha Wadruidi, na kuvikata vichaka hivyo. Wadruidi hao hawakuacha maandiko yao wenyewe. Wadruidi wa leo wamelazimika kuanza upya: Iolo Morganwg, mshairi wa Wales, alibuni ibada zake na kuziongoza huko London mwaka 1792, mwaka 1964 Ross Nichols akaanzisha chama ambacho leo kina wafuasi nchi nyingi, na mwaka 2010 serikali ya Uingereza ikalitambua shirika moja la Wadruidi kuwa la hisani kwa kazi ya dini. Nawaheshimu sana. Watu walionyang'anywa vichaka vyao wakapanda vingine wana imani ya kweli.

Lakini wengi wao husali peke yao, kila mtu na mti wake, na mimi nilikuwa nimeifuata njia hiyo. Mbooni iliniuliza swali ambalo vitabu havikuniuliza. Nilimkuta susu mmoja, yaani nyanya, akianika mbaazi karibu na kichaka cha ithembo. Baada ya salamu na habari za nyumbani nikamwomba: "Susu, naweza kuingia pale nikae peke yangu niombe?" Akanitazama kwa upole. "Mwana wakwa, peke yako utaomba nini? Mvua ikija itanyesha shambani kwako tu?"

Sikuingia. Nilisimama nje ya mpaka, akasimama nami, na tukaomba mvua ya utui mzima, kijiji chote.

Tangu siku hiyo nafsi yangu ya kiroho imekuwa na majirani. Ithembo ni la watu wanaoshiriki mto mmoja na njaa moja. Linakutaka ulete maziwa na nafaka, na kabla ya hapo linakutaka upatane na yule uliyegombana naye. Nadhani hili ndilo Mbooni inaweza kumfundisha Mdruidi wa Wales, na Mwafrika wa mjini anayetafuta mizizi yake kwenye simu.

Makanisa yamejaa huku, na sioni ugomvi wa lazima. Peter Cameron Scott alianza kazi ya Africa Inland Mission pale Nzaui mwaka 1895, na wimbo wa Jumapili asubuhi ukipanda bonde la Mbooni ni kitu kizuri kabisa. Kasisi John Mbiti, mzaliwa wa Mulango huko Kitui, alitumia maisha yake kuonyesha kwamba Mungu hakufika Afrika na meli ya wamisionari. Kitabu chake kuhusu dini na falsafa za Kiafrika cha mwaka 1969 kinasomwa hadi leo. Susu yule ni mama wa kanisa. Jumapili huvaa kitambaa chake cheupe, na kichaka kile hakuna mtu anayethubutu kukikata yeye akiwa hai.

Ukitaka kwenda, panda kutoka Machakos au Wote, na uvae sweta. Nenda Oktoba, kabla ya mvua za vuli ambazo ndizo Ukambani hutegemea zaidi, wakati mashamba yametayarishwa na kila mtu anatazama juu. Usiulize njia ya ithembo dukani. Tafuta mzee wa kijiji, kaa, kunywa chai, eleza wewe ni mtoto wa nani. Kamera iache mfukoni. Akisema hapana, mshukuru. Akisema ndiyo, atakuambia ulete nini, na nani mwingine inabidi awepo.