Kutoka Shibiri hadi Sentimita: Kumbukumbu za Somo la Vipimo katika Shule ya Msingi

Katika muda usiozidi umri wa mtu mmoja, somo la vipimo katika shule za msingi za Tanzania limepita katika hatua tatu zinazotofautiana sana: kwanza hatua ya kukariri vipimo vya Kiingereza, kisha hatua ya kukariri vipimo vya metriki, na hatimaye hatua ya kupima kwa mikono kabla ya kutaja jina la kipimo chochote. Kumbukumbu hizi zinafuatilia safari hiyo jinsi ilivyoonekana kwa mtu aliyeanza kama mwanafunzi na kuishia kuwa mwalimu wa Hisabati, na hoja yake kuu ni kwamba kubadilisha vizio, yaani viasi vilivyokubaliwa ambavyo vitu vingine vya aina moja hulinganishwa navyo, ilikuwa kazi nyepesi kuliko kumfundisha mtoto kupima.

Kabla ya shule kuja na rula yake, wenyeji wa pwani walikuwa na utaratibu wao kamili. Urefu ulipimwa kwa mwili: wanda ni upana wa kidole, shibiri ni umbali wa kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho kiganja kikiwa kimekunjuliwa, dhiraa au mkono ni urefu wa kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, na pima ni urefu wa mikono yote miwili ikinyooshwa kushoto na kulia, ambao huhesabiwa kuwa sawa na dhiraa nne. Nafaka zilipimwa kwa kibaba, ambapo vibaba viwili hufanya kisaga na vinne hufanya pishi, na mnunuzi mwangalifu hakuacha kuuliza kama anauziwa kibaba cha tele, kilichojazwa hadi kufanya kichuguu, au kibaba cha mfuto, kilichosawazishwa kwenye ukingo. Mizigo mizito ya biashara, hasa karafuu na pembe za ndovu, ilihesabiwa kwa frasila, ambayo ilikuwa ratili 35, karibu kilo 16. Vipimo hivyo havikufa vyote, kwa maana Waislamu wa pwani hadi leo hutaja pishi wanapozungumzia zaka ya fitri, na mara nyingi huikadiria kuwa kilo mbili na nusu za nafaka.

Tawala za kigeni ziliongeza tabaka juu ya tabaka. Ujerumani ilikuwa imeanza kutumia metriki kisheria mwaka 1872, kwa hiyo reli ya Tanga, iliyoanza kujengwa mwaka 1893, na reli ya kati iliyofuata, zote zililazwa kwa upana wa mita moja kamili kati ya chuma na chuma. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza Waingereza waliishika Tanganyika na kuleta inchi, futi, yadi, ratili na galoni, ingawa reli zilibaki na mita yake. Jambo la kushangaza zaidi ni la fedha, kwani shilingi ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika mwaka 1921, ilikuwa na senti 100, wakati shilingi ya Uingereza yenyewe iliendelea kuwa na peni 12 hadi mwaka 1971. Kwa hiyo mtoto wa Tanganyika aliyetumwa dukani alikuwa akihesabu kwa mamia bila taabu, lakini alipoingia darasani alitakiwa kuhesabu kwa kumi na mbili, kwa tatu na kwa kumi na sita.

Kizazi kilichoingia shule katikati ya miaka ya 1960, ambacho mwandishi wa kumbukumbu hizi ni mmoja wao, kilikuta vipimo hivyo vya Kiingereza vimechapishwa kwenye jalada la nyuma la daftari, chini ya jedwali la kuzidisha: inchi 12 ni futi 1, futi 3 ni yadi 1, yadi 1,760 ni maili 1, wakia 16 ni ratili 1, painti 8 ni galoni 1. Jalada hilo ndilo lililokuwa somo lenyewe. Mwanafunzi aliyeulizwa kugeuza maili 2, yadi 350 na futi 2 kuwa inchi alizidisha 2 kwa 1,760, akajumlisha 350, akazidisha kwa 3, akajumlisha 2, kisha akazidisha kwa 12, na akikosea mahali pamoja tu, jibu lote liliharibika. Walimu waliisifu hesabu hiyo kuwa ni zoezi la akili, na kweli ilikuwa zoezi, lakini lilikuwa zoezi la kuzidisha, kwa maana mtoto angeweza kupata alama zote bila kuwa na fununu yoyote kuhusu urefu wa yadi 350.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuingia miaka ya 1970, nchi za Afrika Mashariki ziliuacha mfumo huo na kushika mfumo wa metriki, ulio zao la mapinduzi ya Ufaransa, ambako sheria ya mwaka 1795 iliiweka mita kuwa sehemu moja ya milioni kumi ya umbali wa kutoka Ncha ya Kaskazini hadi ikweta. Nchini Tanzania mabadiliko hayo yalikuja sambamba na Kiswahili kushika nafasi ya lugha ya kufundishia katika madarasa yote ya shule ya msingi, hivyo mita, gramu na lita ziliingia darasani zikiwa tayari zimevaa sauti za Kiswahili. Faida yake kwa mtoto ilikuwa dhahiri tangu siku za mwanzo. Vizio vyote vinapanda na kushuka kwa kumi, na viambishi vya mwanzo ni vilevile kwa urefu, kwa uzani na kwa ujazo: kilo ni elfu moja, senti ni sehemu moja ya mia, mili ni sehemu moja ya elfu. Kilomita 2 na mita 350 ni mita 2,350, na ni sentimita 235,000. Hakuna cha kuzidisha isipokuwa kusogeza tarakimu, jambo ambalo mtoto aliyezoea shilingi na senti alilielewa mara moja.

Vifaa, hata hivyo, havikuja kwa kasi ya mtaala. Katika shule moja ya wilaya ya Korogwe, ambako mwandishi alikuwa akisoma, palikuwa na rula za mbao za inchi 12 lakini hapakuwa na rula ya mita, na mwalimu wa Hisabati akaona ufumbuzi usiokuwamo katika kitabu chochote. Aliwapeleka wanafunzi wake kwenye kituo cha reli, akaomba ruhusa kwa msimamizi, akalaza fito ya mwanzi kati ya vyuma viwili vya njia ya pembeni, ukingo wa ndani kwa ukingo wa ndani, akaikata kwa kisu pale ilipogusa. Fito hiyo ilikuwa mita moja. Iligawanywa mara kumi kwa alama za mkaa, na kila sehemu ikagawanywa tena mara kumi, kazi iliyochukua mchana mzima kwa sababu sentimita za mwanzo zilitoka nene na za mwisho zikabanana, zikafutwa na kuchorwa upya. Kwa fito hiyo darasa lilipima ubao, madirisha, kimo cha kila mwanafunzi na urefu wa shamba la shule, na wanafunzi waligundua wenyewe kwamba mita ni ndefu kidogo kuliko yadi, kwa kiasi cha vidole vinne au vitano, jambo ambalo jedwali lisingewaonyesha kamwe.

Somo la namna hiyo lilikuwa nadra. Mahali pengi jedwali jipya lilichukua kiti cha jedwali la zamani, na watoto wakaimba kilomita, hektomita, dekamita, mita, desimita, sentimita, milimita, kama kaka zao walivyoimba inchi na futi, ingawa hakuna duka lililouza kitu kwa hektomita wala fundi aliyeitaja dekamita. Upanuzi wa elimu ya msingi kwa wote, uliofikia kilele mwaka 1977, uliwaleta shuleni mamilioni ya watoto ambao wasingepata nafasi, na hilo lilikuwa jambo jema lisilo na mfano. Lakini darasa lililojaa kupita kiasi, lenye chaki na ubao tu, lilimwachia mwalimu njia moja ya kufundisha uzani, nayo ni kuchora mizani.

Uzani ndio uliohitaji vitendo kuliko vipimo vingine, kwa sababu urefu huonekana kwa macho ilhali uzani hauonekani. Vitabu vya baadaye viliongeza ugumu mwingine vilipotenganisha tungamo na uzito: tungamo ni kiasi cha maada kilichomo ndani ya kitu, nayo hupimwa kwa kilogramu na haibadiliki kitu kinapohamishwa, wakati uzito ni nguvu ambayo kwayo dunia hukivuta kitu hicho, nayo hupimwa kwa nyutoni. Kwa mtoto wa shule ya msingi tofauti hiyo haikuwa na umuhimu mkubwa, lakini mizani ilikuwa na umuhimu kwa wazazi wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma waliweka wapimaji wao wenyewe ili wahakiki mizani za wanunuzi, na kutokana na juhudi hizo kikakua chama cha ushirika kilichokuja kuwa miongoni mwa vikubwa kabisa barani Afrika. Akina mama nao waliizoea kilo katika kliniki, ambako mtoto mchanga alining'inizwa kwenye mizani na uzani wake ukatiwa nukta kwenye kadi. Mama ambaye hakuwahi kukaa darasani aliweza kusema kwa uhakika kwamba mwanawe amepungua nusu kilo, akajua pia maana yake.

Uzuri wa metriki ulionekana zaidi katika ujazo, yaani nafasi ambayo kitu hujaza, kwa sababu hapo ndipo vipimo vyote vitatu hukutana. Mwandishi alipokuja kuwa mwalimu alikuwa akiwaagiza wanafunzi wa darasa la tano watengeneze kasha la karatasi ya manila lenye urefu, upana na kina cha sentimita 10, walijaze mchanga mkavu, kisha waumimine mchanga huo katika kopo la lita moja. Mchanga ulijaza kopo sawasawa, hata pale kundi zima lilipokuwa limeapa kwamba kopo ni kubwa kuliko kasha. Kopo hilohilo likijazwa maji na kupimwa, maji yenyewe huwa na uzani wa kilo moja. Kutokana na jaribio hilo moja mtoto huelewa kwamba mita, lita na kilo si orodha tatu za kukariri bali ni ukoo mmoja, na huweza kukadiria uzani wa pipa la maji kwa kupima marefu yake tu.

Mtaani, hata hivyo, tabaka zote zimeendelea kuishi pamoja. Fundi anayejenga nyumba leo huagiza nondo za milimita 12, mbao za mbili kwa nne ambazo ni inchi, matofali ya inchi sita, na mabati ya futi kumi, bila kuona mgongano wowote. Debe, ambalo asili yake ni bati la mafuta ya taa la galoni nne, hukaribia lita 18, wala watu hawaoni kuwa lita 18 ni hesabu isiyo na kichwa wala miguu. Mfano wenye madhara zaidi ni wa ekari, ambayo vijijini hupimwa kuwa hatua 70 kwa 70. Hatua ndefu ya mtu mzima ikichukuliwa kuwa yadi moja, shamba hilo lina yadi za mraba 4,900, nayo ekari ni yadi za mraba 4,840, hivyo kanuni hiyo ni sahihi kwa kiasi cha kuridhisha. Tatizo lilizuka utepe wa mita ulipoingia, kwani 70 ilibaki ilivyo huku hatua ikigeuzwa kuwa mita, na shamba la mita 70 kwa 70 likawa na mita za mraba 4,900 wakati ekari haizidi mita za mraba 4,047. Kibarua anayelipwa kwa ekari akipimiwa hivyo hulima zaidi ya sehemu moja ya tano bila ujira, na mara nyingi aliyempimia hakukusudia kumdhulumu.

Hatua ya tatu ya somo hili imekuja kwa njia isiyotarajiwa, kwa kuwa shibiri na dhiraa, zilizofukuzwa darasani kama mambo ya kale, zimerudishwa na mitaala ya madarasa ya mwanzo. Watoto hupima dawati kwa shibiri zao, hupata majibu yanayotofautiana, hubishana, na ubishi huo ndio unaowafanya watake kipimo kisichotegemea mkono wa mtu yeyote. Rula ya sentimita huletwa wakati huo kama mwamuzi. Ni utaratibu bora kuliko ule wa jalada la daftari, ingawa unafanikiwa pale tu mwalimu anapokubali kutumia vipindi viwili katika kazi ambayo ubaoni ingekwisha kwa dakika kumi.

Kilichobaki nyuma ni ukadiriaji, yaani uwezo wa kutaja kipimo cha kitu kabla ya kukipima na kutokuwa mbali na ukweli. Mwanafunzi anayegeuza gramu kuwa kilo bila kosa bado huona mahindi ya nyumbani kwao yakinunuliwa kwa lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba juu ya mdomo wake, huku sheria ikitaka gunia lisilozidi kilo 100, na sokoni hununua viazi kwa kisado ambacho kila muuzaji ana cha kwake, kingine kimebonyezwa chini makusudi. Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, una kazi ya kuzuia udanganyifu huo, lakini wakaguzi hawawezi kusimama kwenye kila meza ya soko. Kazi hiyo itafanywa na mtoto aliyekwisha kumimina kisado katika kopo la lita akiwa darasani, akaona kinaingia mara ngapi, na akaenda sokoni siku ya pili akiwa na jibu lake.