Damu Huzaliwa Mifupani

Mbuzi akichinjwa nyumbani, watoto wetu hugombania uboho mwororo ulio ndani ya mifupa. Ni wachache kati yetu wanaofikiri kwamba ndimo inamozaliwa damu. Mganga Ernst Neumann wa mji wa Königsberg ndiye aliyelionyesha jambo hilo, mwaka 1868.

Mtoto angali tumboni, ini lake hushika sehemu kubwa ya kazi hiyo. Akiisha kuzaliwa, huachiwa uboho. Na kwa mtu mzima hasa ule wa mbavu, kidari, uti wa mgongo, nyonga na fuvu la kichwa. Humo hutengenezwa chembe nyekundu zipatazo milioni mbili kwa kila nukta moja, hata sasa tunaposoma mstari huu! Figo ndizo zitoazo amri: zikikosa oksijeni ya kutosha, hupeleka ujumbe mifupani, na kazi huongezwa.

Chembe nzima huishi siku 120 hivi. Lakini wako watoto ambao chembe zao hujipinda mfano wa mundu, nazo hubomoka baada ya siku 10 hadi 20. Uboho wao hufanya kazi bila kupumzika, hata hutanuka ndani ya mfupa. Ndiyo sababu paji la uso la baadhi yao hutokeza mbele. Ugonjwa huo waganga huuita drepanositozi.

Tumekaa penye matanga ya watoto wa namna hiyo, tukasikia watu wakinong'ona juu ya mama, au juu ya bibi mzee wa jirani. Maneno hayo yametuchoma moyo. Mtoto huyo amerithi mbegu mbili za ugonjwa, moja kwa baba na moja kwa mama, nao wenyewe kwa kawaida ni wazima kabisa. Wachumba wakipimwa damu kabla ya ndoa, hujua mapema.

Viganja vya mtoto vikififia, apelekwe hospitali siku ile ile, maana malaria nayo hubomoa chembe upesi. Maharagwe na lengalenga huusaidia uboho. Lakini mwenye drepanositozi asipewe vidonge vya chuma bila agizo la mganga: chuma cha chembe zilizobomoka hubaki mwilini mwake, na kila anapoongezwa damu huingia kingine.