Kuwa, lakini wapi?

Katika somo la utangulizi wa falsafa, neno linalonisumbua ni lile la Kifaransa «être». Kwa Kiswahili, «mimi ni» haijakamilika: ni nani? «Nipo» nayo hubeba mahali ndani yake, kwani -po ni kiambishi cha mahali.

Wako wanaosema basi lugha zetu haziwezi falsafa. Mimi nakataa. Mwaka 1956 Alexis Kagame alichambua Kinyarwanda na kupata kategoria nne, mojawapo ikiunganisha mahali na wakati. Mwaka 1958 Émile Benveniste alionyesha kwamba kategoria kumi za Aristotle zilifuata sarufi ya Kigiriki. Kumbe hata yeye alifikiri kwa lugha ya kwao! Nasi tufundishwe falsafa kwa Kiswahili pia, tuone ni swali gani litatangulia.