Nani atamwaga dumu?

Nimepotea kwa muda, samahanini sana, test zilifuatana hadi nikasahau jina langu. Leo sina stori za bumu wala za sapu. Leo naongelea choo. Kama unakula, maliza kwanza, halafu urudi.

Wanaonijua wanajua naishi nje ya chuo, huku Mafiga, unatembea tu kwa miguu hadi SUA. Nyumba ni ya mama mmoja mstaafu. Yeye na mjukuu wake wanakaa nyumba ya mbele, sisi wanafunzi sita tuko vyumba vya uani, jumla watu wanane. Choo kimoja, cha shimo. Asubuhi ukisimama mlangoni pake unaiona milima ya Uluguru imejifunika ukungu, yaani uzuri mtupu, ila pua inakukumbusha ulipo.

Masika ya mwaka jana shimo likajaa. Gari la kunyonya maji taka halipiti kwenye kichochoro chetu na mpira wake haufiki. Sasa si mnajua mtaani huwa wanafanyaje. Usiku mvua ikikolea, shimo linatobolewa upande wa mtaro, maji ya mvua yanabeba kila kitu. Ndiyo kutapisha choo huko. Mama alituita, akatuambia, "Wanangu, sina njia nyingine. Mvua ya leo ndiyo hiyo." Hakuna aliyesema hapana. Mimi nasoma mambo ya udongo na maji, darasani nachangia sana tu, na nilichofanya usiku ule ni kufunga dirisha.

Siku ya nne mtoto wa nyumba ya bondeni, yule anayekujaga kuniomba peni, alilazwa kwa kuhara. Akatundikiwa dripu, namshukuru Mungu akapona. Sina ushahidi kwamba ni sisi. Usiku ule hatukutapisha peke yetu, mtaa mzima ulikuwa unanuka. Lakini aliporudi na kuniambia "shikamoo kaka", marahaba yangu ilikwama kooni. Kipindupindu kilichoanzia Dar es Salaam Agosti 2015 kilifika hadi huku Morogoro, na watu wazima wa mtaani wanakikumbuka vizuri. Wote tulikuwa tunajua tunachofanya.

Halafu msidhani ni mambo ya Mafiga tu. Mitaro ya mji inaishia mtoni. Mto Morogoro unashuka Uluguru, unapita mjini, unaingia Ngerengere, Ngerengere unaingia Ruvu, na Ruvu ndio unaowanywesha wadau wa Dar. Najua mnasafishiwa kwanza, msipige kelele, ila njia ni hiyo hiyo.

Basi tukaitisha kikao cha nyumba. Kuchimba shimo jingine? Kiwanja kidogo, na masika maji ya ardhini yanapanda karibu na juu. Choo cha kuhamahama, kile cha shimo fupi ambacho likijaa unalifukia na kupanda mti juu yake, kama alivyokieneza Peter Morgan kule Zimbabwe? Kizuri sana, ila kinataka eneo. Sisi tungemaliza uwanja na kuanza kupanda miti sebuleni.

Hapo nikatoa desa langu. Choo cha mboji cha chemba mbili, zimejengwa juu ya ardhi ili maji yasiingie. Sinki lake lina njia mbili: mkojo unakwenda mbele kwenye dumu, kinyesi kinadondoka nyuma kwenye chemba. Kila ukimaliza unamwagia majivu. Majivu yanakausha, yanaua harufu na yanapandisha kile wanachokiita pH, hadi vijidudu vingi vinashindwa kuishi. Chemba moja ikijaa unaifunga, unahamia ya pili. Nikamalizia kwa majigambo: hiki choo hakina kazi, ukishajenga umemaliza!

Dada mmoja wa nyumbani, mtu wa Matombo huko Uluguru, akauliza swali moja tu. "Nani atamwaga dumu?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akatukumbusha habari ambayo kwao kila mtu anaijua. Miaka ya 1950 serikali ya Mwingereza iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani ili kuzuia mmomonyoko. Kwenye karatasi mpango ulipendeza. Kwenye jembe ilikuwa kazi nzito, tena udongo wa chini usio na rutuba ukawa unaletwa juu. Mwaka 1955 watu wakakataa, kukawa na vurugu Matombo, polisi wakapiga risasi, mtu mmoja akafa, na mpango ukaachwa. "Wataalamu walipima mlima," akasema, "hawakupima mgongo wa anayelima."

Ikabidi nikae chini na kalamu. Mtu mmoja anatoa kama lita 500 za mkojo kwa mwaka na lita 50 hivi za kinyesi. Watu wanane ni lita 4,000 za mkojo, karibu lita 11 kwa siku. Toa theluthi kwa sababu mchana tuko chuo, zinabaki 7. Dumu la lita 20 linajaa ndani ya siku tatu! Na mkojo ni mbolea kweli, mtu mmoja kwa mwaka anatoa kama kilo 2 hadi 4 za naitrojeni, ila sisi hatuna shamba. Wakati wa UE nani atabeba dumu la mkojo kichwani kutafuta bustani ya mchicha? Mimi? Thubutu.

Kumbe choo kisicho na kazi hakipo. Kazi huwa inahama tu. Ya shimo tuliihamishia kwa mtoto wa bondeni. Ya dumu ingehamia kwa dada zetu, maana sote tunajua nyumba za wanafunzi zinavyokwenda. Ndipo tukabadilisha swali. Badala ya kuuliza choo gani hakina kazi, tukauliza kila kazi iliyopo itamwangukia nani, na kama anaiweza.

Tukapitia moja moja. Dumu tukalifuta, mkojo ukawekewa bomba hadi kwenye migomba minne mwisho wa uwanja, mbali na kisima cha jirani. Halafu suala la maji. Nyumbani kwetu wengi tunachamba kwa maji, na maji yakiingia kwenye chemba umeharibu kila kitu, inakuwa uji unaonuka. Kwenye desa langu sikuliweka hilo hata kidogo! Fundi akatutengenezea pa kuchambia pembeni ya sinki, unasogea hatua moja, na maji yake yanakwenda kwenye migomba hiyo hiyo. Pedi na takataka zina ndoo yake yenye mfuniko. Majivu tunapewa bure na mama ntilie wa hapo njiani, kila Jumamosi mmoja wetu anakwenda na kiroba, zamu imebandikwa mlangoni.

Mwisho akaongea mama, ambaye muda wote alikuwa kimya. "Wanangu, hayo yote mazuri. Lakini chemba ziko juu, ina maana nitapanda ngazi. Magoti yangu mnayajua. Na nyie Julai mnaondoka likizo." Jamani! Tulipanga choo cha watu sita wenye miaka ishirini na kitu, wakati mtu atakayebaki nacho mwaka mzima ni yeye. Fundi akapunguza kimo cha kila ngazi, akaongeza idadi, akaweka bomba la kushikilia. Gharama tulichanga kwenye bumu, na mama anatukata kidogo kidogo kwenye kodi.

Tumekitumia tangu Agosti mwaka jana. Nisiwadanganye, kuna wiki ya UE zamu ya majivu ilipita bila mtu kwenda, na nzi wakatusalimia. Aliyesahau alikuwa mimi. Mama alikwenda kuchukua majivu mwenyewe, na magoti yake yale, hakuniambia kitu. Tangu siku hiyo Jumamosi siisahau. Harufu? Wageni wanauliza choo kiko wapi wakiwa wamesimama pembeni yake. Masika ya mwaka huu yamekuja, mvua imepiga, na sikufunga dirisha.

Chemba ya kwanza itajaa kama Agosti. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 unasema kwenye nchi za joto iachwe zaidi ya mwaka mmoja bila kuongezwa kitu, kwa sababu mayai ya minyoo ni magumu kufa. Hapo mimi nitakuwa nimeshamaliza chuo, niko sijui wapi natafuta kazi. Ina maana kazi kubwa kuliko zote, ya kuingia na koleo kutoa mboji, niliipanga mimi na ingemwangukia mwingine. Wanafunzi wapya wasionijua, au mama.

Kwa hiyo nimemwahidi nitarudi kuifungua mwenyewe. Akaniambia, "Wote huwa mnasema hivyo mwanangu." Nimeiandika hapa ili mnishike uongo kama sitarudi. Mboji itakwenda kwenye migomba, na yule dogo wa bondeni ameshawekewa mkungu wake.

Haya, naishia hapo, kesho nina test saa mbili asubuhi na sijagusa kitu. Na wewe ukirudi nyumbani kwenu leo, uliza tu: choo kikijaa, kinakwenda wapi, na kwa nani? Alamsiki.