Wanaume wa Ukutani

Miaka ya 1970, nilipokuwa mtoto pale Soni, Tanzania, mwanaume wa kuigwa alikuwa kwenye bango la serikali, jembe begani na mikono ya shati imekunjwa. Mwaka 1973 redio ilikuwa ikihimiza kampeni ya "Mtu ni Afya", halafu ikaja ya "Kilimo cha Kufa na Kupona". Mwanaume wa enzi hiyo alichimba choo, akalima, akapeleka watoto shule. Pembeni yake, kwenye rafu ya duka, kulikuwa na pakiti ya sigara za Sportsman yenye kichwa cha farasi. Milimani kwetu farasi hakuwapo, lakini vijana waliishika ile pakiti kwa maringo.

Soko huria lilipofunguliwa, jembe likatoweka. ITV ilianza kurusha matangazo yake mwaka 1994, na mabango ya bia yakapanda kando ya barabara ya Mombo. Sasa mwanaume alikuwa amekaa, nguo zimenyooka kwa pasi, marafiki wamemzunguka. Msimu mmoja baba mdogo aliuza kabichi kwa bei nzuri, akanunulia meza nzima bia. Kesho yake mama mdogo alikuja kwetu kukopa hela ya mbolea.

Kisha zikaja simu. Vodacom ilianza mwaka 2000, na M-Pesa mwaka 2008. Kuta za maduka zikapakwa rangi za kampuni za simu, nyekundu na bluu, na mwanaume akawa yule anayemtumia mama yake pesa kijijini. Niliyapenda matangazo hayo kwa sababu yalimpima mtu kwa anaowatunza. Ila mtumaji alikuwa wa mjini daima, na sisi tunaolilisha soko la Kariakoo tukaonyeshwa kama watu wa kungojea.

Mwaka 2017 SportPesa iliingia nchini na kudhamini Simba na Yanga, na kampuni za kubashiri zikawa nyingi. Mwanaume wa matangazo ya sasa anatajirika kwa usiku mmoja. Kijiweni, vijana wa bodaboda wanajadili mikeka yao ya kubashiri zaidi kuliko abiria.

Kwa miaka yote hiyo sijaona tangazo la mwanaume ninayemfahamu: anayepakia matenga ya nyanya kwenye Fuso usiku, anayeongeza chumba kimoja cha matofali ya kuchoma kila mavuno, anayemaliza ada ya binti yake kabla ya kununua shati. Wanaume hao wapo Soni, tena wengi.

Mfanyabiashara ana haki ya kutangaza bidhaa yake. Hana haki ya kumfundisha kijana kwamba jasho ni dalili ya kushindwa. Na sisi wazazi tusiuachie ukuta kazi yetu. Tumtajie mtoto kwa jina mwanaume wa mtaani kwake aliyefanikiwa, tumweleze alianza na nini, ilimchukua miaka mingapi, na nani alikula kutokana na kazi yake.