Urefu wa Mkufu wa Mahari

Dhahabu huuzwa kwa mizani, na kwa sababu hiyo urefu wa mkufu si jambo la pambo tu. Gramu 10 zikivutwa hadi sentimita 60, vijipete vyake huwa vyembamba zaidi, na mkufu ukivutwa hukatika kwa wepesi zaidi. Gramu hizo hizo zikifanywa sentimita 45, kila sehemu hupata uzito zaidi kwa theluthi moja. Bibi Aisha (Mwenyezi Mungu amridhie) kidani alichoazima kwa dada yake Asmaa kilimkatikia safarini, Mtume (s.a.w.) na watu wote wakakaa kukitafuta mahali pasipo maji, ndipo ikashuka aya ya tayammamu. Sisi tusio na msafara wa kututafutia, heri tuchague ulio imara.

Hapa kwetu Kerenge, ilipotajwa mahari ya binti yetu, shangazi zake walitaka mkufu mrefu wa kushuka kifuani, watu wauone. Tukawauliza: watu gani, hali Sura An-Nur, aya ya 31, yaamrisha shungi literemshwe kifuani? Mabishano yakaendelea hata usiku, na mwenye shingo hakuulizwa! Nayo mahari ni yake, kwa Sura An-Nisaa, aya ya 4. Alipoitwa, alizungusha uzi shingoni, akaulegeza hata ukalala juu ya mtulinga, akaukata. Ulipopimwa ulikuwa sentimita 45. Uzi huo ndio tuliompelekea sonara.